Nyanya Zilizoozea Getini

Vijana wa kikundi cha mboga cha Ruponda, barua yenu nimeipata. Mmeniandikia kwa adabu, mmeniita babu, mmeniita mwalimu, mmeniomba niwaandikie kurasa chache za kazi yangu ya zamani ili zisomwe siku ya kufungua jengo lenu la kupokelea mboga. Halafu chini kabisa, kama vile jambo dogo, mmesema jengo hilo mmeamua kulipa jina langu. Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo, na mtaisikia humu ndani, kwa hiyo anayetaka maneno matamu ya sherehe akamtafute mzee mwingine.

Kabla sijasema kwa nini jina langu silitaki pale, niwaulize jambo moja. Jumanne iliyopita lori lenu lilisimama njia panda ya Nachingwea tangu saa tatu asubuhi. Nililiona nikienda kuchukua dawa ya miguu. Nilipotoka kuchukua dawa, adhuhuri, lilikuwa palepale. Juu yake matenga ya nyanya, juu ya matenga turubai, juu ya turubai jua la Oktoba. Dereva amekaa kivulini anakula muhogo wa kuchoma. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, unangoja nini?" Akasema, "Namsubiri katibu, babu, alete karatasi." Karatasi! Miaka yote hii nyanya bado inangoja karatasi. Nilitamani kumchapa na mkongojo, ila mkongojo wenyewe ndio unaonisimamisha.

Nyinyi mnasema mmesomea kazi hii. Mimi niliisomea kwa kuharibu. Sikilizeni nilivyoharibu, kuanzia lile dogo la kuchekesha mpaka lile ambalo halijawahi kunichekesha.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, waliingia Wazungu wa mradi wa karanga. Mmesikia habari zao, matrekta na minyororo na msitu ulioanguka kwa kelele mpaka nyani wakahama. Lakini mnazungumza karanga tu. Hakuna anayeuliza wale watu walikula nini. Walikuja Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wangoni, watu wa Nyasa, kila mmoja na tumbo lake, wakajazana kambini Nachingwea pale ambapo jana yake palikuwa na pori. Wakubwa walikula njegere za kopo zilizovuka bahari. Wafanyakazi walikula unga na maharage yenye wadudu, fizi zikawatoka damu. Na huku Ruponda, Chiola, Mtua, mpaka Ruangwa, akina mama walikuwa na mabonde mabichi ya nyanya, mchicha na mapapai, na walikula mpaka wakachoka, yanayobaki wakawapa mbuzi. Hebu niambieni kama hilo si jambo la kumkasirisha mtu.

Basi kontrakta mmoja aliyepewa kazi ya kulisha baadhi ya zile kambi akanunua lori kuukuu la jeshi, akamwajiri dereva, akaniajiri na mimi niwe mkusanyaji wa mboga. Nilikuwa kijana wa darasa la nne, Kimwera cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni. Nilipewa kaptula ya kaki na buti. Ziangalieni sana hizo buti, zitarudi mbele.

Safari yangu ya kwanza nilipakia mchicha Chiola. Nikajiona mjanja, nikaumwagia maji ndoo nne ili usinyauke, nikaufunika turubai, nikalikaza kwa kamba pande zote. Tulipofika kambini na kulifunua, mvuke ulipanda juu. Mpishi wa kambi, Myao mmoja mnene mwenye maneno, akachungulia, akaniambia, "Ndugu yangu, mbona umejisumbua kuupika? Ungeniachia mimi kazi yangu." Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kwa muda mrefu nilikuwa naitwa Mpikaji. Maji, wajukuu zangu, ni rafiki wa mboga iliyo shambani. Mboga iliyofungwa turubai ukiimwagia maji, umeweka chungu jikoni.

Aliyenitoa ujinga alikuwa dereva, Mzee Saidi Livembe, Mmakonde wa Newala. Hakuwa mtu wa kufundisha kwa upole. Nilipopakia mapapai kichwa chini alishuka, akayashusha yote mwenyewe, akayapanga upya huku mimi nimesimama. Alipomaliza akasema, "Wewe ukilala, unalala kichwa chini?" Hilo ndilo somo, na halikurudiwa. Kutoka Ruangwa barabara ilikuwa na makunyanzi yanayotikisa meno. Mzee Saidi alikuwa akishapakia mboga anatoa upepo kidogo kwenye matairi ili lori likanyage kwa ulaini, na akifika kambini anapampu tena kwa mkono, jasho linamtiririka. Wenzake wanaobeba vyuma walimcheka. Yeye aliwajibu, "Chuma hakina uchungu wa safari. Mimi nimebeba wagonjwa." Mayai tuliyalaza katika pumba za mtama, safu kwa safu. Tukisimama njiani, hata kwa kujisaidia, tulisimama kivulini. Mzee Saidi angepita mita mia tano mbele na haja imembana, ili mradi apate mti.

Nyanya ndizo zilizotushinda.

Kwetu sisi, mnajua, mgeni hapewi kitu kibichi. Umeenda kwa shemeji yako, akikuchumia nyanya atakuchagulia ile nyekundu iliyoiva sawasawa. Akikupa yenye ubichi begani, amekutukana, na utasema nyumbani kwamba umetukanwa. Akina mama wa Ruponda waliposikia mboga zinakwenda kwa watu wa mbali, wakafanya heshima. Walingoja mpaka nyanya zikaiva kabisa, laini, zinazotaka kupasuka kwa kutazamwa, ndipo wakazichuma. Na mimi mjinga, mtoto wa palepale, nikazisifu! Nikasema, "Mama zangu, hizi ndizo nyanya." Tukizifikisha kambini ni uji. Mara mbili, mara tatu. Nzi walilijua lori letu kwa sauti. Kontrakta akawa anasema watu wa Ruponda hawajui kulima, na mimi sikuwa na jibu.

Aliyepata jibu aliitwa Somoe binti Chilumba. Nataka jina hili mlisome polepole.

Bi Somoe alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti kavu, mjane asiyeogopa mtu. Bonde lake lilikuwa la upande wa mama yake, kama ilivyo kwetu, na mwenye neno la mwisho juu ya ardhi ya ukoo alikuwa mjomba wake, Mzee Chilumba, aliyemlea mpaka akaitwa kwa jina lake. Mjomba huyu alilitaka lile bonde apande mpunga. Alikuwa ameshamwambia mbele ya watu, "Nakupa kiangazi hiki kimoja. Nyanya zako zikikataliwa tena na hao watu wa lori, bonde nalichukua. Hatuwezi kuacha ardhi ya maji ilishe nzi." Bi Somoe hakuwa na bonde lingine. Hapo ndipo alipopata chakula chake na cha mabinti zake wawili.

Siku moja tulifika kukusanya, tukamkuta amekaa mbele ya matenga matatu, amekunja mikono. Nikafunua la kwanza. Nyanya zilikuwa za kijani, zimeanza tu kupiga wekundu kwa chini. Nikashtuka.

"Mama, mbona umechuma mbichi? Wataona tunawadharau."

"Wewe Issa, umewahi kuona nyanya ikirudi nyuma?"

"Hapana."

"Inakwenda mbele tu. Ukiichuma imeiva, mbele yake kuna nini? Kuoza. Hii imeanza kuona haya. Itaivia njiani na stoo, ikifika kwenye sahani ya mgeni wako ni nyekundu. Heshima si pale inapotoka. Heshima ni pale inapofika."

Nikamtazama Mzee Saidi. Mzee Saidi alikuwa ameshachutama kando ya tenga, anatia mkono ndani. Katikati ya kila tenga Bi Somoe alikuwa amesimamisha mabua ya mtama yaliyofungwa pamoja, unene wa mkono, kuanzia chini mpaka juu, nyanya zikapangwa kuyazunguka. Chini majani makavu, pembeni majani makavu. Mzee Saidi akauliza, "Haya mabua ya nini, dada?"

"Ya kupumulia," akasema. "Za katikati ndizo zinazoanza kuharibika kila mara, mmeona? Zinakosa hewa. Nikazipa dirisha."

Akasema jambo la tatu, la saa. Tusije tena saa nne. Nyanya zichumwe jioni jua likishapoa, zilale nje kwenye ubaridi, na lori lipakie alfajiri liondoke kabla jua halijapanda. Mzee Saidi akasema, "Hili nalisema kila siku, hakuna anayenisikia." Tukamsikia Bi Somoe. Kesho yake tuliyashusha matenga yale matatu kambini, na siku chache baadaye tukayafunua, nyekundu, kavu, nzima. Yule mpishi wa Kiyao alichukua moja akaila kama tunda, akachukua nyingine akaitia mfukoni.

Miezi miwili mitatu ile ilikuwa mizuri kuliko yote katika kazi yangu. Bi Somoe aliwafundisha wenzake. Wapo waliokataa mwanzoni, wakasema hawawezi kuwapa watu nyanya mbichi, ni aibu, mpaka alipowapandisha wawili kwenye lori wakashuhudie zinavyofika. Mjomba Chilumba aliacha habari za mpunga. Nilimwona hata akisaidia kukata mabua.

Halafu akaja Bwana Kofia.

Jina lake halisi silisemi, na kofia yenyewe ilikuwa ile ngumu ya jua, hakuivua hata akiingia ndani. Kontrakta alimwajiri awe msimamizi wa stoo na usafirishaji. Alitoka sijui wapi alikosafirisha sijui nini, misumari labda. Siku ya kwanza alilitazama tenga, akalizunguka, akasema tenga ni mviringo, linapoteza nafasi garini. Kuanzia leo, mboga zote zipakiwe katika makasha. Na makasha yalikuwepo tele, ya mbao, yaliyokuja na vipuri vya matrekta. Yana pembe nne, yanapangana vizuri, unaweza kubebanisha matano kwenda juu. Kwa macho ya mtu asiyewahi kushika nyanya, ni jambo la akili sana. Ndani yalikuwa bado yana girisi.

Nilipoyapeleka Ruponda, Bi Somoe alitia kidole ndani ya kasha, akakinusa, akakifuta kwenye nyasi.

"Hili lilikuwa na nini?"

"Vyuma, mama."

"Basi lirudishieni vyuma."

"Ni amri, mama. Matenga hayapokelewi tena."

"Na mabua yangu nitayasimamisha wapi, kifuniko kinapigiliwa misumari?" Akanitazama. "Wewe umeona kwa macho yako. Umemwambia?"

Nikasema nitamwambia. Sikuwa nimemwambia, wala sikumwambia. Nilimwogopa. Kulikuwa na vijana wengi nje ya geti wanaotaka kazi, na mimi nilikuwa na zile buti. Nikipita nazo kijijini wasichana walikuwa wanageuka, na baba yangu alikuwa anasema "mwanangu wa kambini" hata mahali ambapo hakuulizwa. Leo ninapowaandikia haya nina miguu inayouma kwa uzee, na naona inanistahili.

Bi Somoe hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Aliyasugua yale makasha kwa mchanga na majivu. Akatandika majani. Akapakia. Kisha akasema, "Naenda nayo. Nataka niwepo yakifunguliwa." Akapanda mbele, katikati yangu na Mzee Saidi, na khanga yake safi. Mjomba Chilumba alisimama kando ya njia kututazama tunavyoondoka. Tuliondoka alfajiri kama kawaida, na saa mbili asubuhi tulikuwa tumefika getini.

Sasa nifuateni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye Jumanne yenu.

Bwana Kofia alikuwa ametoa amri nyingine. Gari lolote la chakula lisiingie mpaka alikague yeye mwenyewe na kutia sahihi. Jambo zuri, ukaguzi. Lakini yeye saa mbili alikuwa anakula, saa tatu akaenda kutazama lori lililovunjika, saa nne akanywa chai. Sisi tupo getini, mahali ambapo miti yote ilishang'olewa na minyororo, hakuna kivuli cha kumtosha hata kuku. Mzee Saidi akamwomba askari wa geti amruhusu kurudisha lori nyuma mpaka penye miti. Askari akasema ukitoka kwenye mstari unaanza upya. Mzee Saidi akapiga usukani kwa viganja vyote viwili. Wenyewe mnasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Humo tumboni mwa makasha nilikuwa nasikia nyanya zinavyoharibika. Sitanii, nilisikia harufu kwanza, halafu matone. Tone, tone, kwenye mchanga.

Bi Somoe alishuka. Akazunguka nyuma ya lori, akavua khanga yake ya juu, akaifunika juu ya kasha moja la pembeni, kama inaweza kusaidia kitu. Akasimama pale juani na mkono juu ya kasha.

Bwana Kofia alikuja saa saba. Akaamuru kasha lifunguliwe. Msumari ulipotoka, kifuniko kikajiinua chenyewe. Sitawaeleza mle ndani palivyokuwa. Girisi ilikuwa imeyeyuka kwa joto ikatoka katika nyufa za mbao ambako hakuna mchanga unaofika, ikachanganyika na uji wa nyanya. Likafunguliwa la pili, vilevile. La tatu, vilevile.

Akafunga pua kwa leso. Akauliza nani amepakia. Nikamwonyesha Bi Somoe. Akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "Huyu mwanamke weka nyanya katika kitu chafu. Kweli?"

Aliniuliza mimi. Mimi ndiye mkusanyaji. Mimi ndiye niliyeyaleta makasha, niliyeona girisi, niliyekuwepo getini tangu saa mbili, niliyeziona nyanya zilezile kwenye matenga zikifika nzima miezi mitatu. Neno moja tu lilihitajika. Bwana, ni makasha. Bwana, ni jua. Hata kama angenifukuza, angekuwa ameshaambiwa mbele ya watu, na Bi Somoe angerudi nyumbani na shahidi.

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

 Bi Somoe aliniangalia, basi. Halafu akaichukua khanga yake pale juu ya kasha, akaikung'uta, akaivaa. Bwana Kofia akaandika mahali kwamba mboga za Ruponda zisipokelewe tena kwa sababu ya uchafu wa wakulima. Makasha yakamwagwa shimoni. Wale wafanyakazi wenye fizi za damu walikuwa wanapita na sahani zao za maharage, wanatazama nyanya zinazikwa.

Kurudi, Mzee Saidi hakusema na mimi njia nzima. Alisema na Bi Somoe tu, kwa sauti ya chini, habari za watoto, habari za mvua. Tulipofika Ruponda, Mzee Chilumba alikuwa palepale kando ya njia. Aliona lori halina kitu na uso wa mpwa wake, asimwulize yeye. Akaniuliza mimi, "Wamesema nini?" Nikamwambia wamesema ni chafu. Mara ya pili siku moja! Hata pale kijijini, ambapo hakuna Bwana Kofia wala geti, bado sikuwa na mdomo. Mvua za kwanza ziliponyesha, bonde lilipandwa mpunga.

Mzee Saidi aliniambia siku nyingi baadaye, tukiwa tunapampu tairi, "Kijana, lori nililipeleka mimi, makasha yalitoka kwake, lakini wewe ndiye uliyeozesha." Nikaendelea kupampu.

Mambo ya karanga yaliwashinda wenyewe, hilo mnalijua. Bwana Kofia akaondoka na kofia yake, kontrakta akabadilika, akaja mwingine mtulivu zaidi, naye akaniita. Akaniuliza, wewe umekaa sana kwenye kazi hii, mboga zifikeje bila kuharibika? Nikamweleza. Zichumwe zinapoanza kuona haya. Mabua ya mtama katikati ya tenga. Lori liondoke alfajiri, lisisimamishwe juani, geti lifunguliwe gari likifika na ukaguzi ufanyike ndani, kivulini. Kila neno lilikuwa la Bi Somoe na la Mzee Saidi. Akafurahi, akaamuru ifanywe hivyo kila mahali, Ruangwa, Mtua, Chiola. Kambi zikala, hospitali ikala. Watu wakaanza kuliita "tenga la Issa". Na mimi nikaitika! Nikapewa baiskeli mpya, nikaipokea kwa mikono miwili.

Ni baiskeli hiyohiyo niliyoipanda kwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba nina habari njema, matenga yamerudi, Ruponda inapokelewa tena. Nikamkuta bondeni, katika lile bonde lake, ameinama anapalilia mpunga wa mjomba wake kama kibarua, matope magotini. Binti mmoja alikuwa ameshaolewa mbali, mwingine alikuwa pamoja naye. Nikaiegemeza baiskeli kwenye kichuguu, nikashuka kwenye matope na buti zangu, nikamwambia yote. Nikasema, mama, nilisema uongo, nilijua ni makasha, nilijua ni jua. Nisamehe.

Akanyoosha mgongo. Akauliza, "Yule bwana umekuja naye?"

"Hapana, mama. Ameshaondoka, amerudi kwao."

"Mjomba umemwambia?"

"Bado. Nimeambiwa anaumwa, hatambui watu."

Akatikisa kichwa. "Basi unaniambia mimi, ninayejua. Maneno nayo yana siku yake ya kuchumwa, Issa. Haya yako yamepita." Hakusema kwa ukali. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, ingawa sikuwa nimekula, akarudi kwenye mpunga wake. Hakunisamehe wala hakukataa. Alifia Ruangwa kwa yule binti wa pili, miaka mingi baadaye, na bonde hakulipata tena.

Sasa mnanielewa kwa nini niliiweka barua yenu chini nikaenda kunywa maji. Mmeandika kwamba mimi ndiye niliyewafundisha watu wa Ruponda kufikisha nyanya nzima. Mmeandika "tenga la Issa". Mimi, niliyesema "Ndiyo, bwana" getini! Mtu anayeheshimiwa kwa akili ya mwanamke aliyemwangamiza kwa mdomo wake mwenyewe. Nimeishi na jina hilo sokoni na misibani, watu wakinipigia salamu kwa ajili yake, na kila mara nimeitika kwa sababu kukataa kulihitaji niseme haya ninayoyasema leo. Yeye alishafika zamani asikohitaji maneno yangu, na mimi nimechelewa tena.

Lakini nyinyi hamjachelewa, na ndiyo maana nina hasira na nyinyi pia. Mna barabara, mna lori jipya, mna jengo la saruji lenye paa, na bado mmeweka mambo ya Bwana Kofia katikati, nyanya ingoje karatasi. Mkiulizwa kwa nini zimeoza mtasema mkulima hajui kupanga. Nimeshawasikia mkisema. Nawauliza, nani kati yenu aliwahi kukaa juu ya lori hilo kuanzia bondeni mpaka sokoni, akaona kwa macho yake lilipoanza kudondosha tone la kwanza? Mpandisheni mkulima mmoja kila safari, akae mbele na dereva, na akisema kitu kiandikwe. Katibu wenu alale karibu na karatasi zake ikibidi.

Na jengo liandikwe Somoe binti Chilumba. Yote matatu, msifupishe. Yule binti wa pili bado yuko hai Ruangwa, ni bibi kizee sasa. Mkamlete, akate utepe yeye. Mimi nitakuja, nitakaa nyuma, na kabla hajaukata nitasimama niseme mbele yake na mbele ya watu wote kwamba zilikuwa nyanya safi. Mkinikatalia, mkaandika la kwangu, nitakuja hivyohivyo na mkongojo wangu na kopo la rangi, nilifute mwenyewe.

Fanyeni upesi tu. Nina umri ambao hauruhusu kungojeshwa getini.